Usiguse Hapo, Raya

Mimi yule Alois sikumwamini tangu siku ya kwanza alipoingia sebuleni kwangu Mafiga na kompyuta yake. Shikamoo aliitoa vizuri, uji akanywa, lakini kila mjukuu wangu Raya akitaka kurekebisha kitu, yeye anamzuia.

"Usiguse hapo, Raya. Hilo limeshikana na malipo, na malipo yameshikana na mizani. Ukivuta moja, yote yanakuja."

Wao wawili walikuwa wanatengeneza mfumo wa kompyuta wa kampuni inayonunua viungo milimani. Raya ndiye kiongozi. Ukishazinduliwa, mkulima asiyekuwemo hauzi kitu. Nami nina mdalasini wangu Matombo, ndio unaoniweka mjini. Nikajisemea, anayekataza pasiguswe, hapo kaficha jambo.

Nikamtegea.

"Alois, kitendawili!"

"Tega, bibi."

"Miguu yake iko kwa shemeji, ngozi yake naimenya mimi."

"Mdalasini wako wa Matombo," akajibu, hata chai hajaimeza.

Kweli, shamba lile ni la ukoo wa marehemu mume wangu, shemeji ndiye msimamizi, miti nimeipanda mimi. Kwetu ardhi ni ya ukoo, mti ni wa aliyeupanda. Lakini huyu kijana wa Rombo, nani kamwambia?

"Umejuaje, baba?"

Akamtazama Raya. Raya akatazama kikombe.

Shaka yangu ikageukia nisikotaka.

"Raya, mama, mimi nimo humo ndani?"

"Bibi… mfumo unamjua mwenye shamba tu. Mwenye mti kwenye shamba la mwingine nilimtoa. Nikimweka, malipo na mizani vyote vinabadilika, na bosi nimeshamwahidi Jumatatu tunazindua. Ningekurudisha baadaye."

"Na mpaka hiyo baadaye, mdalasini wangu anauza nani? Shemeji Mwinshehe?"

"Jina lako nililiona kwa waliotolewa, bibi," Alois akasema polepole. "Nikamwambia asiguse kingine mpaka akueleze."

"Wewe nyamaza, kunywa chai," nikamwambia, maana aibu ilinishika.

Raya akatoka uani na simu. Nikamsikia: "Shikamoo bosi. Jumatatu haitawezekana… Hapana, kosa ni langu." Akarudi macho mekundu.

"Kasemaje?"

"Kesho asubuhi niende ofisini, na kompyuta ya kazi niibebe."

"Basi leo bado unayo. Muingize mwenye mti."

Akakaa, Alois pembeni yake. Nampenda mjukuu wangu, lakini jioni ile nilivuta kigoda nyuma yake, nikawa namwangalia kila anachobonyeza.