Meza ya Wapwa

Trekta lilikuwa limelala chali ndani ya korongo ambalo asubuhi ile halikuwepo. Magurudumu yalitazama juu, maji mazito ya udongo yalipita chini yake kwa kishindo, na kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Sebastiani Hhando, meneja mpya wa shamba la ngano la Gidamarwa, alisimama ukingoni mvua ikimpiga usoni, akaita jina la Basili mpaka sauti ikamkauka. Basili ndiye aliyekuwa dereva wa trekta lile. Alikuwa pia mtoto wa dada yake.

Kichwani mwake hamkuwa na neno lingine ila moja: awe hai. Trekta la serikali, mbegu iliyozolewa, mgeni wa kesho kutoka mkoani, vyote vingekwenda na maji na yeye asingegeuza shingo. Awe hai tu.

Alipokabidhiwa shamba lile baada ya mavuno yaliyopita, meneja aliyestaafu alimpa funguo na onyo. "Hapa kuna bibi shamba anaitwa Justina Sulle. Atakuudhi. Usimhamishe." Sebastiani alicheka. Justina alimfahamu fika, walisoma chuo kimoja cha kilimo na kukaa dawati moja. Lakini kwenye kikao cha kwanza Justina alimwambia mbele za watu, "Hapo umekosea, Sebastiani," wala hakusema meneja. Cha pili akamwambia tena. Kikao cha tatu kilipofika, Justina alikuwa ameshapelekwa ghalani kulinda magunia ya mbegu yasiliwe na panya.

Nafasi zilizobaki mezani alizijaza watu wa kwao, kutoka milima ya Mbulu: Joakimu na Nikolausi, wapwa zake, vijana wenye vyeti safi na adabu safi zaidi. Damu haisaliti, alijiambia. Kila asubuhi waliingia ofisini wakainamisha vichwa, shikamoo mjomba, marahaba. Na hapo ndipo kosa lilipolala, kosa la mtu wa kwetu hasa, maana kwetu mjomba habishiwi. Yeye ndiye mwenye baraka na yeye ndiye mwenye laana. Akikuambia jua litachomoza magharibi, upande wa Singida, utageukia Singida usubiri. Sasa mtu aliyekwisha kukuamkia saa moja, ukimwuliza saa mbili "mnaonaje," unatarajia akujibu nini?

Katikati ya shamba ulikuwepo ukanda wa majani ambao haukuguswa na jembe tangu shamba lianze. Ndipo maji ya mashamba ya juu yalipopita kwenda bondeni, na majani yalishika udongo usiondoke. Ng'ombe wa mzee Gidahosh, mfugaji wa Kibarabaig aliyepakana na shamba, walipita hapohapo kwenda kunywa. Mkoa ulitaka ekari zaidi. Sebastiani aliutazama ukanda ule akaona ekari.

Alijua. Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna pale ukingoni. Somo la maji na udongo yeye na Justina walifundishwa siku moja na mwalimu mmoja. Alijua vizuri, ila alitaka mtu wa kumwambia si kitu, na alikuwa amejizungushia watu wa kumwambia hivyo.

"Tulime ule ukanda," alisema kikaoni. "Mnaonaje?" Na alipouliza alikuwa ameshasimama, kofia mkononi.

"Ni sawa, mjomba," akasema Joakimu.

"Ni wazo zuri sana," akaongeza Nikolausi.

Basili, aliyeitwa kupewa kazi hiyo, alikuna kichwa. "Mjomba, mimi naona masika yameshakaribia, na pale maji..."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," Sebastiani akamkatiza kwa utani. Meza nzima ikacheka, na Basili naye akacheka, angefanyaje. Ni methali nzuri, hatuikatai. Ila waliotunga methali walisahau kututungia ya mkuu asiyeambiwa.

Ukanda ukalimwa. Leo Basili alikuwa akiupanda ngano, na amri ilikuwa umalizike kabla mgeni hajafika. Mlima Hanang ulipovaa wingu jeusi, madereva wengine waliegesha matrekta. Basili aliendelea, kwa sababu mjomba alisema leo. Mvua ikashuka, maji ya juu hayakukuta hata unyasi mmoja wa kuyapunguza mwendo, yakaichana ardhi laini na kulibeba trekta.

"Tufuate huku," Sebastiani alisema sasa, akionyesha ukingo wa kulia uliokuwa na njia nzuri. "Mnaonaje?" Mazoea yana taabu.

"Sawa, mjomba."

Wakamfuata wote, wapwa, madereva na vibarua, mstari mmoja nyuma yake kama ng'ombe waendao kunywa. Walishuka wakiita, wakichungulia maji, wakiteleza na kuinuana. Walifika mahali korongo linapofunguka na kumwaga maji yake kwenye mbuga, na hapakuwa na Basili. Jua lilikuwa limeanza kuinama nyuma ya mawingu. Sebastiani aligeuka akazitazama nyuso zile zilizolowa.

"Niambieni. Kuna mtu anaona nimekosea?"

Wakainamisha vichwa, kama kila asubuhi ofisini.

"Jamani, nawaomba. Nibishieni. Nitukaneni basi, mtoto wa dada yangu anakufa."

"Wewe ndiye unayejua, mjomba," Nikolausi akasema kwa upole, machozi yakimtoka. Alisema kwa heshima kamili. Sebastiani alishikwa na hofu ambayo hajawahi kuijua. Alikuwa katikati ya watu wengi na alikuwa peke yake kabisa, na alitamani kupiga magoti kwenye tope lile amwombe mmoja wao, yeyote, aseme hapana.

Sauti ilitoka ng'ambo. Justina alikuwa amesimama ukingo wa kushoto na gunia tupu kichwani la kujikinga mvua, pamoja na mzee Gidahosh. Habari ilikuwa imemfikia ghalani, naye akapitia bomani kwa mzee kuomba msaada.

"Sebastiani! Mbona wote mko upande mmoja?"

Swali dogo kama hilo, na katika kundi zima la wanaume hakuna aliyekuwa amelifikiria. Justina hakusubiri jibu. Yeye na mzee walianza kupanda wakifuata ukingo wao, na Sebastiani akakimbia upande wake kurudi alikotoka, akianguka, akiinuka, mpaka alipousikia mluzi wa Gidahosh. Ilimbidi azunguke mpaka juu ya korongo ndipo avuke. Wakati wote huo alikuwa akiomba kwa sauti, Baba Yetu na Salamu Maria vikichanganyika mdomoni.

Basili alikuwa chini ya mgunga, si mbali na trekta, mizizi ikiwa imemdaka. Sweta lake jekundu lilikuwa limenasa kwenye tawi juu yake. Justina alikuwa amemfunika kwa gunia lake.

"Nimemkuta anapumua," alisema mzee Gidahosh. "Kidogo tu. Sasa hapana."

Sebastiani alimshika mkono. Ulikuwa na joto bado. Aliung'ang'ania mkono ule, akaupuliza, akausugua, kana kwamba joto lile angeweza kulizuia lisitoke. Halikukubali.

Nyuma yake Joakimu, aliyekuwa amemfuata, aliketi kwenye matope. "Mjomba, mimi nililiona hilo sweta."

"Lini?"

"Tulipokuwa pale kwenye trekta. Niliona kitu chekundu huku ng'ambo."

"Ukanyamaza."

"Ulikuwa umeshasema tufuate kule."

Sebastiani alitafuta hasira akaikosa. Angemgombeza kwa lipi? Alimchagua kwa sababu hiyohiyo. Alimtazama Justina, akitaka amwambie neno lolote, hata lile la umekosea. Justina alikuwa akilia, akilivuta gunia lifunike miguu ya Basili.

Kesho yake Landrova iliupandisha mwili Mbulu, kwenye baridi na ukungu. Scolastica, mama yake Basili, alikuwa uani amejifunga shuka. Alikuwa dada mkubwa wa Sebastiani, ndiye aliyemlea na kumbeba mgongoni. Sebastiani alishuka, akavua kofia.

"Shikamoo, dada."

Scolastica alilikaza shuka lake. "Huko kwenye ofisi yako kubwa," alisema, "hapakuwa na mtu wa kukuambia?"

"Alikuwepo, dada."

"Ulimfanyaje?"

"Nilimpeleka ghalani."

Wanaume walikuwa wameshaanza kuliteremsha jeneza garini. Scolastica aligeuka akalifuata ndani, mkono wake ukiwa juu ya mbao. Sebastiani alibaki uani na kofia yake mkononi, na shikamoo yake ilikuwa bado haijaitikiwa.