Mtani wa Kwenye Kompyuta

Baba yangu, Mzee Mwinyimvua, anaishi juu ya baraza lake mwenyewe. Pale Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, ilipokuwa nyumba ya babu, ndugu walikaa kikao wakaiuza, tajiri akapandisha ghorofa, na sisi tukapewa vyumba viwili kule juu, ghorofa ya nne, kama sehemu ya malipo. Chini, kwenye baraza ambako wazee walicheza bao tangu mimi sijazaliwa, sasa kuna duka la mabegi. Lifti ilifanya kazi mpaka wageni wa uzinduzi walipoondoka.

Watu wananiambia tumepata. Sawa, tumepata. Baba akapata na kiharusi juu yake. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukawa wa kuburuta, na zile ngazi zikamfungia ndani. Wazee wenzake wa bao, wengine tumeshawazika, na waliobaki magoti yao hayapandi ghorofa ya nne kwa ajili ya kikombe cha kahawa. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nikifika mlangoni huwa sina pumzi ya kuitikia salamu.

Kliniki anakofanyishwa mazoezi, siku ambazo vijana wanamteremsha mgongoni, yuko mtaalamu mmoja, Celina, mwanamke asiyezunguka maneno. Siku moja alinivuta pembeni.

"Dada Tatu, mkono tutahangaika nao. Mimi naogopa mdomo. Mzee haongei."

"Ulimi hauna tatizo. Hataki tu."

"Ndiyo hicho ninachokiogopa. Mgonjwa akishaamua kunyamaza, hata mkono haurudi. Mtafutie kitu cha kumgombanisha na watu. Mchezo, chochote. Akizoea huu ukimya, hatumpati tena."

Maneno yale yaliniingia. Huyu ni mtu ambaye zamani mama, akiwa uani, alikuwa akimsikia kutoka barazani, na maji yanachemka na redio inaimba. Sasa alikuwa anakaa dirishani kutwa nzima anaangalia paa la bati la jirani. Ukimuuliza anataka wali au ugali, anatikisa kichwa, nawe uamue mwenyewe kichwa kimesema nini.

Bao lenyewe tulikuwa nalo, limelala uvunguni mwa kitanda. Nililitoa nikakaa naye. Mimi bao silijui. Nyumbani kwetu wanawake tulilijua bao kwa kulifuta vumbi. Akazikamata kete kwa mkono wa kushoto, zikamponyoka, zikatawanyika mpaka chini ya kabati. Nilizitafuta kwa kutambaa, na nilipoinuka nikakuta amenigeuzia mgongo.

Ndipo nikaenda kwa Leticia. Mimi nauza kava za simu Mtaa wa Aggrey, na Leticia yuko fremu ya pili, anauza laptop za mtumba. Nilimweleza shida yangu akacheka.

"Tatu, hiyo ndogo. Gemu za bure ziko kibao. Chukua hii laptop, imevunjika kona tu, mpelekee mzee."

Ziko kibao, ni kweli. Ila jaribu kumtafutia mtu mzima mwenye akili zake, asiyetaka kupiga risasi wala kukimbiza gari, anayetaka tu kucheza kidogo baada ya alasiri, ndipo utajua dunia imemsahau. Ya kwanza ilikuwa ya kupanga pipi za rangi. Baba aliziangalia zikipasuka, akauliza, "Zinaliwa lini?" Nikaifuta. Ya pili ilikuwa karata, mtu anajipangia peke yake. Akasema mtu anayecheza karata peke yake huyo kafiwa. Nilifurahi, maana ilikuwa sentensi nzima, lakini na hiyo nikaifuta.

Drafti aliipenda. Sasa kila akimaliza duru, linakuja tangazo la kubeti, na binti aliyevaa kitambaa cha leso anakonyeza, na msikitini ndiyo kwanza wanaadhini. Ikatoka. Nyingine ilimwacha acheze vizuri tu, mpaka alipokaribia kushinda, ikaomba kadi ya benki. Bure ya mtandaoni ni kama ya wauza haluwa: onja, onja, na ukishaonja umenunua. Tukapata na bao, nikasema alhamdulillahi, kumbe ni lile la safu mbili, mashimo sita sita. Baba alilitazama kama mtu aliyepewa viatu vya mtoto.

Nilikasirika, sifichi. Hao wanaotengeneza hivi vitu wanaamini mtu akizeeka anachotaka ni maandishi makubwa na pipi.

Leticia ndiye aliyelipata. Bao lenyewe, la safu nne, mashimo manane kila safu, lina nyumba zake, lina kunamua, ule mwanzo wa kuingiza kete moja moja, lina kila kitu. Sijui nani kalitengeneza. Hakuweka tangazo, hakuomba kadi, kaliacha hapo kama mtu aliyechimba kisima akaenda zake. Unagusa shimo kwa kidole kimoja, na kete zinajitawanya zenyewe.

Baba aligusa. Kete zikaenda. Akatulia. Upande wa pili nao kete zikatembea, zikala zake tatu.

"Nani huyo?" aliuliza.

Nilikuwa nakuna nazi. Kabla sijajibu akacheza tena, na upande wa pili ukamjibu, ukamla kona ya kushoto. Baba akapiga paja.

"Khalfani huyo. Mnyamwezi huyu siku zote ananivizia kushoto. Tatu, umempata wapi?"

Mzee Khalfani alikuwa mpangaji wetu wa chumba cha uani na mpinzani wa Baba kwa miaka yote ninayoikumbuka. Nyumba ilipouzwa alipewa notisi kama wapangaji wengine, akahamia kwa binti yake Kigamboni. Baba ananiona kila Ijumaa nikiongea kwenye simu na mdogo wangu aliyeko Mwanza, tunaonana uso kwa uso. Kwa hiyo kwake haikuwa ajabu Khalfani naye kuwa humo ndani. Mimi nilitaka kumwambia ni mashine. Nikafungua mdomo, nikamwona anacheka. Nikaendelea kukuna nazi.

Tangu hapo nyumba ikarudi kuwa nyumba. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na kama wewe si wa huku uliza uambiwe: mtani anakutukana mbele ya wakwe zako, anaondoka na kuku wako bila kuaga, na siku ya msiba wako anakuja kulala ndani ya kaburi, hatoki mpaka wafiwa wamlipe. Baba na Khalfani walikuwa wanaishi kwa hayo. Sasa Baba akawa anaitukana ile laptop kutwa.

"Mpagazi wewe, beba hizo kete uende nazo Tabora kwa miguu. Umekula moja unashangilia? Nyie si ndio mliobeba mizigo ya watu mpaka mkasahau njia ya kwenu?"

Majirani walidhani tuna mgeni. Celina alimsikia kliniki akimtania mgonjwa mwenzake, akanishika bega. Na kile kidole cha shahada cha mkono wa kulia, siku moja nilikiona kikijaribu.

Raha ile haikudumu. Baba alianza kunyamaza baada ya kutukana, anasubiri, kichwa amekiinamisha karibu na kioo.

"Mbona hanijibu?"

"Labda mtandao, Baba."

"Mtandao unaleta kete, unashindwa kuleta matusi?"

Baba akajaribu kumchokoza zaidi, akamtajia mpaka babu yake. Kimya. Akafungwa bao mbili mfululizo na yule wa ndani hakuringa hata kidogo, na hapo nikamwona Baba ameingiwa na hofu.

"Zamani angeniambia Mzaramo nimeuza kiwanja cha baba yangu nikacheze mdundiko," alisema. "Na ni kweli tumeuza. Neno tamu kama hilo, analiachaje? Tatu, huyu ameninunia. Ameondoka kwenye ile nyumba na mimi sikumsindikiza hata kwenye pantoni."

"Baba, hajakununia."

"Wewe unajuaje?"

Akaanza kucheza kwa adabu. Matusi yakaisha, yakabaki maneno ya kubembeleza, kisha na hayo yakaisha. Akawa anamwachia huyo wa ndani kete ambazo hata mimi nisiyejua bao niliona anaziacha makusudi. Sauti yake ikarudi kule kwenye ukimya ilikotoka. Mwisho akaniambia, na alisema polepole sana: "Nenda Kigamboni. Kaulize amekasirika nini."

Nilikwenda. Nilikuwa na mpango wangu, na ulikuwa mzuri: nimwombe Mzee Khalfani aje mwenyewe, nitafute vijana wawili wa nguvu wa kumpandisha ngazi, amtukane Baba ana kwa ana, mambo yaishe. Nilivuka Magogoni asubuhi, nikafika kwa binti yake, Moza, nikamkuta anaanika nguo. Tulikua pamoja uani pale, mimi na Moza. Ni mtani wangu pia, na hatujawahi kukutana asiniambie Mzaramo mvivu. Siku hiyo hakuniambia.

"Karibu, Tatu," alisema. "Umechelewa."

Mzee Khalfani alikuwa amekufa kabla ya Ramadhani. Presha.

Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, sikuomba ruhusa. Nilimuuliza kwa nini hawakutuambia, na swali lilinitoka kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye mwenye makosa.

"Tulimtuma mtu Kariakoo siku ile ile," Moza alisema. "Namba zenu hatuna, simu ya mzee iliibiwa. Huyo mtu akafika Sikukuu, akakuta ghorofa. Akauliza duka la chini, la mabegi, kwa Mzee Mwinyimvua ni wapi. Wakamwambia hapa hakuna mtu wa jina hilo. Akazunguka, akarudi. Tukazika."

Baba alikuwa juu ya vichwa vyao. Zamani msiba ulikuwa unafika barazani kabla haujafika kwa wenye msiba, na aliyetaka kumzika mtu alikuwa anakuja pale tu. Sasa baraza linauza mabegi, na wauzaji hawajui nani anakanyaga sakafu iliyo juu yao. Niliwatukana moyoni njia nzima, na haikusaidia kitu.

Kwenye pantoni nilijipangia maneno. Celina alishanionya kliniki kwamba mzee asishtuliwe, na mimi niliona nina uwezo wa kumpa Baba kitu kimoja tu, amani. Nitamwambia rafiki yake hana kinyongo. Huo si uongo mkubwa. Mzee Khalfani hakuwa mtu wa kinyongo.

Nilimkuta amekaa mbele ya laptop, hachezi. Ilikuwa zamu yake.

"Umemwona?"

"Nimemwona, Baba. Anakusalimu sana."

"Kasemaje?"

"Amesema hana kinyongo na wewe hata kidogo. Yaliyopita yamepita. Amekusamehe zamani."

Nilijiona nimesema vizuri. Baba alinitazama, macho yake yakatulia usoni kwangu kwa muda mrefu, na nikaanza kuogopa.

"Khalfani kasema amenisamehe?"

"Ndiyo."

"Kwa mdomo wake?"

"Ndiyo, Baba."

Akageukia dirisha.

"Amekufa lini?" aliuliza.

Nilianza kukataa, nikashindwa. Nikakaa chini sakafuni nikalia, mimi mtu mzima mwenye duka.

"Mtani hasamehe, Tatu," alisema, na hakuwa na hasira. "Hakasiriki, sasa atasamehe nini? Khalfani mzima angekwambia mwambie baba yako asinisubiri, afe tu. Wewe umekulia pale. Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Nilimweleza yote, ya yule mtu aliyetumwa na ya duka la mabegi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Msibani alikuwepo mtani?"

"Moza amesema majirani walikuwa wema sana. Walichanga, wakapika."

"Sikuuliza wema."

"Hakuwepo, Baba."

"Hakuna aliyeingia kaburini kuwasumbua?"

"Hakuna."

Chini mtaani mtu alikuwa anatangaza viatu kwa kipaza sauti, jozi moja, jozi mbili. Kisha Baba akaelekeza kidevu kwenye laptop.

"Na huyu ninayecheza naye siku zote hizi?"

"Mashine, Baba. Ni gemu tu, ya bure."

"Nimemwachia kete zangu," alisema. "Nimembembeleza."

Nilinyoosha mikono niifunge ile laptop, akanizuia kwa mkono wake wa kushoto, akaifunga mwenyewe, taratibu, kama anavyofunga msahafu.

"Mimi nikifa," alisema, "usihangaike kutafuta watani. Waniweke tu, waondoke."

Nilimwambia Baba usiseme hivyo. Siku hizi anasema maji, anasema choo, na nikimsalimia asubuhi anaitikia marahaba, basi.