Mkono wa Kushoto wa Shemeji

"Jaribu kingine," alisema Mwenyekiti wa wawindaji, na Mama Tupa akajaribu kingine. Alivuta kipande cha mpira kikakazika, akapitisha makali ya chembe cha mshale juu yake; mpira ukateleza, haukukatika. Hicho kilikuwa cha tano, na vyote vitano vilinolewa mezani kwake yeye, fundi wao, kila kimoja na alama yake ndogo shinani.

Lisemwalo lipo, wawindaji walikuwa wameshanong'ona. Juma lililopita swala mkubwa alikimbia na mshale ubavuni, wakamfuatilia siku mbili wasimpate, nao wana sheria moja isiyo na mjadala: mnyama akipigwa afe upesi, asiteseke. Aliyempiga ni shemeji yake Mama Tupa, mdogo wa marehemu mumewe, mlengaji ambaye hakosi, na vyembe hivi vilitoka podoni mwake. Basi kama mlengaji hakosi, kosa ni la nani? La fundi. Mwenyekiti alikuja kumwambia, kwa adabu zote, kwamba sasa watanunua vyembe vya dukani, vile vyenye makali yaliyokunjwa yanayofunguka vikigonga, ambavyo vikichoka unatupa.

Miaka ishirini na sita Mama Tupa alikuwa akinoa vyembe kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yake, na jina lenyewe alipewa kwa sababu ya tupa ya kunolea ambayo haikutoka mkononi mwake. Alijua kuwa mnyama wa mbavu nene anataka chembe kizito cha makali mawili. Kila mshale aliuzungusha juu ya ukucha aone kama ncha inayumba. Akishanoa alivipaka vyembe mafuta, akavipanga visigusane, maana makali mawili yakikutana ni kama mawifi jikoni, hakuna anayetoka salama. Kukosa kazi kungemuuma, ndiyo, lakini kuambiwa kwamba amemtesa swala kulimuuma zaidi.

Ila hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Alimgeukia shemeji yake, aliyejibanza mlangoni kama mgeni asiyejua avue viatu au asivue, akamwuliza kama vyembe hivi alivitumia mazoezini. Shemeji akakiri: kwenye gunia la mchanga, kila asubuhi, ili mkono uvizoee. Mchanga, jamani! Mama Tupa alifumba macho kidogo.

"Na kabla ya kwenda porini, ulivipima?"

"Shemeji, mimi si mtoto. Nilivipima vyote."

"Ulivipima vipi?"

"Kwa kunyoa vinyweleo vya mkono, kama wawindaji wote. Kila nikipitisha chembe, nikiangalia, mkono safi kabisa."

"Hebu pandisha mikono ya shati nione."

Akapandisha. Mkono wa kulia ulikuwa na manyoya ya kutosha kufumia soksi. Wa kushoto, uliokuwa ukinyolewa msimu mzima, uling'aa kama sahani iliyooshwa. Mama Tupa alichukua kijiko cha chai, akakipitisha polepole juu ya mkono ule wa kushoto, akapuliza, akamwonyesha Mwenyekiti.

"Nacho kinanyoa," alisema. "Tukakiwindie?"

Shemeji aliutazama mkono wake kama vile ndiyo kwanza wanajuana. Akacheka yeye mwenyewe kabla ya mtu mwingine, halafu kicheko kikamwisha.

"Basi yule swala ni dhambi yangu," alisema. "Nimekuponza bure, shemeji. Nisamehe."

Mama Tupa alimsamehe palepale. Mwenyekiti hakucheka wala kusema habari ya duka. Alikuwa akishusha mkono wa kushoto wa shati lake, kidogokidogo, akidhani haonekani. Kisha akaaga haraka.

Mchana, jua likiwa la kuyeyusha nta, akarudi na podo lake limejaa mishale. Nyuma yake walikuja wawindaji wanane na mapodo yao, wote wamefunga vifungo vya mikono ya shati hadi kwenye viganja, wakamsalimia fundi kwa heshima ambayo hakuwahi kuiona. Mama Tupa aliinama juu ya podo la kwanza, akaanza kutoa mishale mmoja mmoja, mabega yakimtikisika kwa kicheko alichokibana.