Safu ya Msemaji wa Pili

Miaka miwili Suzanne alikaa Bunia bila kuzungumza lugha ya kwao na mtu. Alitoka kijiji kidogo vilimani, nyuma ya Bambu, chenye lugha yake. Vita vilipokitawanya, kila mtu alishika njia yake, na mjini hapa wakabaki wawili tu: yeye na wifi yake, Micheline, anayekaa mtaa wa Lumumba. Na Micheline hamsemeshi. Siku ya kukimbia, Suzanne alimwacha mumewe Tharcisse kitandani, mgonjwa, asiyeweza kusimama. Tharcisse alikuwa ndugu wa toka nitoke wa Micheline.

Kisha akaja Aimé, mwanafunzi wa chuo anayechunguza lugha, na hojaji yake ya sentensi mia mbili. Anasoma sentensi kwa Kiswahili, Suzanne anaisema kwa lugha ya kwao, yeye anaandika. Mwanamke analima. Mbuzi amekula mihogo. Upuuzi mtupu, lakini kwa wiki tatu Suzanne aliamka na hamu ya kuishi. Ndipo kijana akamwonyesha safu tupu pembeni mwa karatasi. Sentensi haihesabiwi mpaka msemaji wa pili aisikie na kuikubali.

“Mama, iko mutu mwingine wa kwenu hapa?”

“Iko moja. Lakini weye ndiye utamwita. Akiniona miye, anafunga mulango.”

Micheline alikubali kuja. Suzanne akafua kitenge, akaazima viti, akajidanganya kama msichana aliyechumbiwa. Alitaka neno moja tu kutoka kwa yule mama, hata tusi, mradi liwe la kwao.

Kumbe mwenzake alikuja na lake. Suzanne aliposema sentensi ya kwanza, Micheline alimtazama Aimé peke yake.

“Hatusemake vile.”

Aimé akatia alama ya hapana. Ya pili, hapana. Ya tano, hapana. Kijana akaanza kutoka jasho.

“Basi, Mama, munasemaka namna gani?”

Micheline akaisema. Neno kwa neno, ile ile.

“Lakini Mama, haina tofauti.”

“Andika hapana. Miye niko mutu wa kule. Huyu, simujue.”

Suzanne aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Lakini sauti ile! Ilishuka mwishoni mwa kila neno, vilevile alivyosema Tharcisse akiomba maji. Aibu na njaa zikagombana ndani yake, njaa ikashinda.

“Mutoto yangu, uliza ingine.”

Wakaendelea. Suzanne anasema, Micheline anakataa, kisha anaisema yeye, ile ile. Suzanne akafumba macho, akasikiliza kama anayeota moto. Amkatalie zote mia mbili, ilimradi mtu anasema.

Walipofika ya arobaini, Micheline aliuona ule uso. Akaelewa anachompa. Akakusanya kitenge chake, akasimama.

“Zote zilizobakia, andika hapana.”

Hapo Suzanne hakujizuia tena. Alimshika mkono mlangoni, akamwambia kwa lugha ya kwao yale aliyoyabeba miaka miwili: jinsi Tharcisse alivyomfukuza atoke, jinsi alivyoapa kumlaani akibaki, jinsi alivyogeukia ukuta asimwone akiondoka. Alisema mpaka pumzi ikamwishia.

Micheline alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akautoa mkono wake taratibu, akamgeukia mwanafunzi.

“Mutoto, huyu mama anasema nini?”

Aimé hakujua. Na katika Bunia nzima hapakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza.