Unga wa Kuagia

Filbert aliuona unga kabla jua halijatoka. Ulikuwa umekaa chini ya msolo, mti wa matambiko, kama kichuguu kidogo cheupe, ncha yake imesimama. Hakuhitaji kuuliza ni wa nani. Katika ukoo wao, pale Mbekenyera, mkono wa kumimina unga wa tambiko ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa wa mama yake, Bi Sikuzani.

Damu ilimpanda. Kesho yake Padre angefika kwa pikipiki kuwahoji wakatekumeni, na walioiva wangebatizwa Pasaka. Mara mbili Bi Sikuzani alikwisha kuwekwa kando. Kwanza alikutwa akiongoza unyago wa wajukuu. Tena akamimina unga mtoto wa Filbert alipougua surua. Na sasa Kwaresima inaishia, karudi palepale. Tena Filbert ndiye katekista, mwalimu wao wa dini. Kwenye pombe watu walikwisha kumtungia maneno: Mwalimu anachunga kondoo wa wenzake, wa kwao analala porini.

Kabla ya ukatekista alikuwa Nachingwea kwenye mradi wa karanga, akifunga minyororo kwenye matrekta, mpaka mradi ulipokunjwa. Aliona msitu ukilazwa kutwa moja. Tangu hapo jambo la polepole lilimkera kama kibanzi jichoni.

Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akaupiga teke ule unga, ukatawanyika kwenye majani yenye umande. Na aone, alijisemea, kwamba ni unga tu.

Alilosahau, au alilojifanya kusahau, ni kwamba unga ule haumiminwi ukaachwa. Humiminwa jioni, na alfajiri wanawake wawili wa ukoo huenda kuutazama. Ncha ikikutwa imesimama, wazee waliolala wamekubali neno waliloambiwa. Ikikutwa imeanguka, wamekataa, na aliyetaka kusafiri hufungua mzigo wake.

Alikuwa uani akinawa uso alipomwona mama yake akirudi na mama yake mdogo, Mwanabibi. Bi Sikuzani alikaa kwenye kinu kilicholazwa, akavua kanga ya kichwani, akaikunja na kuikunja tena hata ikawa fundo.

"Kesho usinihesabu," akasema.

Filbert aliuliza kwa nini.

"Wamekataa. Niliwaambia wote kwa majina, baba yako, mama yangu, na wale waliovuka naye Ruvuma. Niliwaambia unga huu ni wa mwisho kutoka mkononi mwangu. Mkono nampa Mwanabibi, mimi nakwenda kubatizwa. Wamenimwagia."

Filbert alishika la kwanza lililomjia kinywani, akasema labda ni kuku, labda ni upepo, nguchiro nao siku hizi wamezidi. Mwanabibi akacheka kicheko kikavu.

"Leo unga umekuwa na kesi, Mwalimu? Juzi ulituambia ni chakula cha sisimizi."

Filbert akamgeukia mama yake, akamweleza kwamba Mungu haombi ruhusa kwa marehemu, kwamba anaweza kuja hivyohivyo. Aliyasema upesi, kama anavyoyasema darasani. Bi Sikuzani alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ulibatizwa shuleni, meno ya utoto yanang'oka," akasema. "Hukuwa na wa kumuaga. Mimi watu wale nimewalisha tangu ujana wangu. Niwatoke kama mwizi?" Akaifungua ile kanga. "Una haraka, mwanangu. Wazungu wako waling'oa msitu kwa siku moja. Karanga ziko wapi?"

Kutwa ile Filbert alishinda shambani bila kulima. Kuvunja unga wa ukoo ni kesi ya kuhukumiwa na mjomba, na mjomba Shaibu ndiye aliyewapa Wakristo kiwanja cha kanisa lao la nyasi. Akikiri, kanisa lile lingeweza kubomolewa kwa neno la mjomba. Akinyamaza, basi mama yake angerudi nyuma moja kwa moja, akiamini amefungiwa mlango na waliolala, na kwa Mungu asingethubutu kwenda. Alijaribu kusali. Maneno yalitoka, yeye mwenyewe akabaki.

Padre alifika asubuhi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Wakatekumeni waliingia mmoja mmoja, wakaulizwa, wakatoka. Mwisho Padre akauliza habari za Bi Sikuzani, maana alimkumbuka vizuri. Filbert alifungua kinywa aseme mama anaumwa. Badala yake akaomba angojwe kidogo.

Aliwakuta watatu uani: mama yake, Mwanabibi anatwanga, na mjomba Shaibu kwenye kigoda. Akavua kofia.

"Ni mguu wangu," akasema. "Ule unga niliupiga teke mimi. Hawakukataa."

Mchi wa Mwanabibi ulibaki juu. Mjomba, ambaye hakuwa na desturi ya kupaza sauti, alimwambia arudie, naye akarudia. Kisha akamuuliza kanisa lake limesimama kwenye ardhi ya nani, wala hakungoja jibu.

Mama yake alichelewa kumtazama. "Ulidhani nini?"

"Nilidhani unarudi nyuma, Mama."

"Anayeaga hugeuka nyuma. Asiyegeuka ametoroka."

Filbert akapiga magoti. Akamsihi aje sasa hivi, Padre anangoja. Unga ulikuwa umesimama, yeye mwenyewe aliuona kwa macho yake. Bi Sikuzani akatikisa kichwa. Neno lililokatizwa hurudiwa kwa unga wa mtama mpya, na mtama bado haujatoa masuke.

"Pasaka itapita," Filbert akasema.

"Na ipite. Nyingine haiji?"

Hoja zilimjaa mdomoni, nzuri, za kitabuni. Akazimeza zote.

Hukumu aliitoa mjomba. Kile kipande cha mtama wa ukoo atakipalilia Filbert mwenyewe, atawinga ndege mwenyewe, mpaka mavuno, bila kibarua. "Ukikataa, nyasi za kanisa lako tutaezekea banda la mbuzi."

Alirudi kwa Padre, akamweleza yote, na lile teke. Padre alikuwa amepambana na matambiko miaka yake yote kusini, na uso ulimwiva. Aliuliza swali moja tu, kama mama huyu yuko tayari au hayuko.

"Sijui, Padre," Filbert akajibu. "Nimekuwa nikimbonyeza kila siku kama embe. Nikamuumiza. Naomba tumngoje."

"Na wewe? Utaupalilia huo mtama?"

"Ndilo ninalokuuliza."

Padre aliizungusha kofia yake magotini kwa muda. "Mtama ni chakula," akasema mwishowe. "Palilia. Ya unga wake nitakuja kuzungumza na mama yako mwenyewe, wala si kwa siku moja. Mafundisho asiache."

Jumatatu Filbert aliingia shambani. Mtama ulimfika kiunoni, magugu yameusonga. Alianza kwa kasi ya mtu anayelipwa kwa kipande, jembe linaruka. Nyuma yake zikaja hatua, halafu sauti ya mama yake bila salamu.

"Umekata miwili."

Akatazama. Mashina mawili yalikuwa yamelala. Akaweka jembe chini, akachutama, akaanza kung'oa kwa mkono. Bi Sikuzani akashika mstari wa pili. Walikwenda hivyo, hawasemezani, mpaka jua likaanza kuchoma mgongo. Kisha, bila kumgeukia, mama akauliza Jumamosi wenzake walihojiwa nini.

Filbert akamwambia: waliulizwa habari za Petro kumkana Bwana.

"Na huyo Petro," akaanza Bi Sikuzani, akasita, akitafuta maneno.

Jibu lilikuwa tayari ulimini mwa Filbert. Akalizuia, akang'oa gugu moja, akamwacha mama yake atafute swali lake.