Maneno Manne, na Mengine Mawili

Bawaba ya mlango wa chumba cha pili ililia gizani, kwiii, ndefu, kisha ikakatika. Mpiga chapa alifumbua macho. Alijua ni mama mkwe wake anakwenda kuchemsha maji, na kwamba sasa utafuata mlango wa jikoni, wenye sauti nyembamba zaidi. Ukafuata. Baada yake yakalia magoti ya mama mkwe mwenyewe, moja kisha jingine, alipoinama kuwasha jiko.

Nyumba ilikuwa ikiamka hivyo tangu tarehe mosi. Baba watoto alipogeuka kitandani, viwiko vyake navyo vikalia.

"Samahani, mama watoto."

"Lala tu. Si wewe. Ni waraka."

Waraka aliuchapa yeye. Alifanya kazi katika idara ya nishati, ghorofa ya pili, meza ya kwanza ukiingia. Visima vya mbali zilikokuwa zikitoka petroli na dizeli vilikuwa vinakauka. Meli ilikuja moja pale zilipozoea kuja nne, na idara ikaamua kutangaza mgawo. Rasimu aliyoletewa ilisema kwamba mafuta ya petroli na dizeli yatapunguzwa kwa nusu kila mwezi, isipokuwa kwa magari ya ngazi ya mkurugenzi na kuendelea. Lakini lori la karatasi nalo lilikuwa haliji tena kama zamani, na agizo lilikuwa kwamba kila waraka uenee nusu ukurasa. Rasimu ilizidi mstari mmoja.

Mpiga chapa alikuwa mwaka wa pili wa masomo ya jioni. Mwalimu wake wa sarufi alipenda kusema kwamba neno lisilo na kazi liachishwe kazi. Akayaachisha kazi manne, "ya petroli na dizeli", na mengine mawili, "magari ya". Waraka ukaenea. Mkurugenzi aliusoma mara moja, akasema, "Mfupi, safi," akatia sahihi.

Tarehe mosi asubuhi mafuta yakapungua kwa nusu. Kwa kuwa waraka haukusema mafuta gani, yakapungua yote.

Mabasi yalisimama kufikia saa nne, na watu wakaanza kutembea, hilo lilitarajiwa. Chupa ya mafuta ya kupikia ilitoka dukani imejaa, ikavuka kizingiti cha nyumba ikiwa nusu. Mwenye duka hakulaumiwa, maana siku moja aliisindikiza mwenyewe hadi mlangoni, akaona, akarudi zake. Mafuta ya kupaka yalikuwa hivyo hivyo. Mayai yaling'ang'ania kikaango. Cherehani ya fundi wa jirani ilipiga kelele hadi akaanza kushona kwa mkono. Minyororo ya baiskeli, ambayo wengi walikuwa wameiwekea matumaini, ilikauka ikakatika. Hata yale mafuta ambayo watu husema yako kwenye magoti yalipunguzwa, hivi kwamba asubuhi, maelfu walipokuwa wakienda kazini kwa miguu, mji mzima ulisikika kama kitanda kikuukuu. Watu walizoea. Wachumba walianza kutambuana kwa mlio wa kifundo cha mguu kabla hata ya kuonana.

Baba watoto alikuwa dereva wa lori. Lori lilikuwa limeegeshwa kwenye ua wa mwajiri wake, tangi tupu. Kila siku alitembea saa nzima kwenda kukaa kwenye usukani kidogo, lisije likadhani limeachwa, kisha akarudi.

Haya yote mpiga chapa angeyavumilia. Lakini kulikuwa na mtoto.

Mtoto alikuwa na miezi minane, na hadi mwezi uliopita alikuwa na mikunjo minne katika kila paja. Dada yake wa miaka sita alikuwa akiihesabu wakati wa kuoga. Sasa ilibaki miwili, na asubuhi ya tarehe mbili yule dada aliihesabu mara tatu.

Kliniki, muuguzi alimweka mtoto kwenye mzani, akasubiri mshale utulie.

"Alikuwa nane na nusu. Leo saba na robo. Ananyonya?"

"Mpaka anachoka yeye na ninachoka mimi."

"Maziwa yakoje?"

"Mepesi. Kama maji ya kuoshea mchele."

"Ni mafuta hayo, mama. Yametoka kwako, yametoka na kwake." Muuguzi aliweka nukta kwenye kadi, juu kidogo tu ya mstari mwekundu. "Hapa yuko salama. Tarehe mosi ijayo wakikata tena, atakuwa huku chini, na huku chini mimi sina cha kumpa. Waraka umeusoma?"

"Niliuchapa."

Muuguzi alimtazama, bila ubaya. "Basi wewe ndiye wa kuulizwa. Sisi hapa tunaulizana tu, ni mafuta gani?"

Jioni ile mama mkwe alimkanda mtoto kwa viganja vitupu. Alivisugua kwanza vipate joto, kisha akavipitisha mgongoni, taratibu, kana kwamba vilikuwa na kitu. Mpiga chapa alikaa mlangoni na daftari lake la masomo. Hakusoma hata mstari.

"Maneno mangapi?" baba watoto aliuliza.

"Manne. Na mengine mawili."

"Sita tu? Mimi niliwahi kumwaga katoni mia mbili katikati ya barabara, na kazi sikufukuzwa."

"Katoni zinaokotwa, baba watoto."

"Basi na hayo maneno kayaokote." Alicheka, na taya lake likalia, ndipo mama mkwe naye akacheka, na kwa muda nyumba ikawa na kelele nzuri.

Siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi ililetwa rasimu ya waraka wa pili. Ilisema mafuta yaliyobaki yatapunguzwa tena kwa nusu, isipokuwa kwa ngazi ya mkurugenzi na kuendelea. Mpiga chapa aliyaokota maneno yote sita. Alibana pambizo, akasogeza mistari, akapunguza herufi kidogo, na waraka ukaenea nusu ukurasa bila kubakiza hata nafasi ya nukta. Aliusoma kwa sauti ya chini mara mbili. Hakuwa amewahi kuandika kitu kizuri kama kile. Akampa tarishi, mzee aliyekuwa akipeleka na kurudisha makaratasi ya idara tangu mpiga chapa hajazaliwa, na mzee akapanda ngazi hadi ghorofa ya tano, kwa mkurugenzi, akilia goti moja moja.

Alirudi baada ya chakula cha mchana. Juu ya karatasi kulikuwa na wino mwekundu.

"Amekata, mwanangu. Sita. Nimeyahesabu njiani."

"Amesema nini?"

"Amesema una kipaji, usijiharibu. Amesema idara nzima inakutegemea wewe."

"Ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Ndiyo pekee ambayo hayajapungua," alisema tarishi, akaenda zake.

Siku ya mwisho ya mwezi mpiga chapa alipanda mwenyewe. Alimbeba mtoto mgongoni, akamshika mkono binti yake mkubwa, kwa sababu shule ilikuwa imefungwa. Walimu walikaa mbali. Lifti haikuwa ikifanya kazi. Kwenye ngazi walipishana na wahasibu na wapishi wa ofisi, wote wakilia, wote wakisalimiana. Katika korido ya ghorofa ya tano watu kumi na wawili walikuwa wameketi kwenye viti wakisubiri, na kila aliyejisogeza, kiti chake kilitoa mlio, na wenzake wakamsikia.

"Pita tu, mama," walimwambia walipoona mtoto. "Sisi tutasubiri."

Mkurugenzi alimpokea vizuri. Uso wake uling'aa, na mikono pia, hadi kwenye vifundo vya vidole. Alizungusha kiti chake kumwelekea, na kiti kikazunguka kimya kama maji.

"Karibu. Na huyu mrembo nani?"

"Ni binti yangu, mzee. Na huyu ni mdogo wake. Nimekuja kuhusu yale maneno sita."

Akaeleza yote, kuanzia lile lori la karatasi hadi maziwa. Hakujificha; alisema kosa la kwanza lilikuwa lake. Mkurugenzi alisikiliza hadi mwisho, tena kwa makini.

"Sijakuelewa sehemu moja," alisema. "Mafuta yamepungua wapi? Kwangu yapo."

Hakuwa akidanganya. Ngazi ya mkurugenzi na kuendelea haikuhusika.

"Kwetu, mzee. Nchi nzima. Nimeyapanga maneno, yanaenea. Hayazidi mstari."

"Si suala la mstari, mama. Tukiandika leo petroli na dizeli, watu watauliza mwezi uliopita tuliandika nini. Idara haiwezi kukosea nchi nzima kwa mpigo."

Mpiga chapa alitoa kadi ya kliniki, akaiweka mezani, kidole kwenye nukta. Mkurugenzi alivaa miwani. Aliinama, akaitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuutazama waraka wowote.

"Lakini iko juu ya mstari," alisema kwa upole. "Ikishuka, niandikie barua. Barua yako nitaisoma mwenyewe."

Kisha akauvuta waraka wenye wino mwekundu, akatia sahihi chini yake, na kwa kuwa aliyeuchapa alikuwa pale pale mbele yake, akampa yeye aupeleke kwenye mashine ya kunakili.

Mpiga chapa aliupokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa. Ndani ya kitambaa alichombebea mtoto alikuwa na nakala nyingine, ile safi, yenye maneno sita yasiyokatwa. Alihisi kona yake ikimchoma ubavuni, na hakuisogeza. Aliposimama, magoti yake yalilia. Mtoto naye akalia, sauti nyembamba kama ya mlango wa jikoni.

Binti alikuwa ametangulia. Alifungua mlango wa mkurugenzi, akaufunga, akaufungua tena, sikio lake likiwa karibu na bawaba. Korido nzima ilimtazama. Watu kumi na wawili waliacha kujisogeza, viti vikatulia, hata mtoto mgongoni akanyamaza kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu tarehe mosi hapakusikika mlio wowote katika jengo lile.

Akauvuta mlango mara moja zaidi, hadi mwisho.

"Mama," alisema kwa sauti, "huu mlango haulii."