Chakula Alichopika Mwingine

Mama alipika katika shule ya bweni kwa miaka ishirini na minane, na miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akila ameketi. Alikula wa mwisho, tena kwa kusimama, akikwangua ukoko kwa mwiko. Kwa hiyo alipostaafu niliapa: atakaa kwenye kiti chenye mgongo, ahudumiwe, ale pamoja nasi mpaka ashibe. Hilo tu. Na mimi nikiapa, ndugu yangu hukaa chonjo.

Kaka, ambaye ni fundi umeme, ndiye aliyechagua mkahawa wa vyakula vya Mediterania. Aliwafungia taa, akaona sahani zikipita, akaamini. Laiti angeonja kabla ya kusifu! Lakini huyo akipenda, chongo huita kengeza.

Sahani zilikuja pana, chakula chenyewe kidogo katikati, kama kimepotea njia. Pweza alitafunika kama kandambili. Wali ulikuwa na kiini kibichi, na zeituni zilijaa chumvi mpaka ulimi ukakunjamana. Nikamkanyaga kaka mguu chini ya meza.

"Usinikanyage," akanong'ona. "Labda ndivyo wanavyokula huko kwao."

"Kwani huko kwao hawana meno?"

Baya zaidi, Mama hakugusa kitu. Alishika uma tu, macho yakizunguka ukumbini na midomo ikichezacheza.

"Mama, kula, kinapoa."

"Ile meza ya dirishani bado hawajapata," akasema. "Na wale wawili karibu na mlango."

Kumbe alikuwa anahesabu meza! Shuleni mpishi hali mpaka mwanafunzi wa mwisho apate, na hapa naye alingoja ukumbi mzima uhudumiwe. Nilitaka kulia, nilitaka pia kupiga meza ngumi. Kaka akainuka kwenda kumbembeleza mhudumu. "Wapeni hata mkate wale wa dirishani," nikamsikia akisema, "mama yetu ana njaa."

Hatimaye kila meza ikapata. Mama akakata kipande cha pweza, akatafuna. Akatafuna. Akatafuna tena, sisi wawili roho mkononi. Akameza kwa juhudi, akaweka uma chini.

"Kibaya," akasema.

"Tusamehe, Mama."

"Kibaya kweli kweli!" Uso wake ukaanza kung'aa. "Na si mimi niliyekipika!"

Akacheka mpaka kitambaa cha kichwani kikalegea. Kisha akanyoosha mkono kumwita mhudumu, na yule binti maskini akaja bila kujua kinachomsubiri. Miaka ishirini na minane Mama alisimama nyuma ya sufuria akisikiliza lawama za foleni. Zote alikuwa amezihifadhi, na jioni ile alizitoa moja moja, kwa raha zake.

"Mwanangu, huyu pweza alisoma darasa moja na mwalimu mkuu?"

Binti akatoa macho.

"Na mchuzi huu, nyanya ilipita tu kusalimia? Halafu huu wali sasa! Huu umepikwa na mtu aliyegombana na mumewe."

Mhudumu alijaribu kuziba mdomo, akashindwa, akacheka. Kaka aligonga meza mpaka glasi zikaruka. Mimi kicheko kikanikatika, kwa sababu ile kejeli ya wali ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nasoma pale pale anapopika, nikaisema kwa sauti ili wenzangu wacheke. Walicheka sana. Sikuwahi kujua kama yeye alisikia, na sikuwahi kuwa na ujasiri wa kuuliza.

"Mama," nikasema. "Ile ya wali..."

"Najua ni ya nani."

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Ulisema kweli. Marehemu baba yako alikuwa amenikera tangu asubuhi, Mungu amrehemu." Akanifuta shavu kwa kidole gumba, kidole kile kigumu cha kushika masufuria ya moto, na hapo ndipo nikajua kwamba nilikuwa nalia.

Mhudumu akauliza kama aondoe sahani. Mama akampa ya wali, akajiegemeza kitini, mikono juu ya tumbo.

"Mwambie mpishi aurudishe motoni mpaka uive," akasema. "Asiwe na haraka. Mimi nimekaa."